Safari ya Murera na Weusi wa Ubao

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Murera hana budi kwanza kuifikia Nairobi, kisha kuipa mgongo, maana mahali hapo pako kaskazini ya jiji, baina ya Ruiru na Juja, katika nchi ya miinuko ya wastani na udongo mwekundu ambayo zamani sehemu yake kubwa ilikuwa chini ya mibuni. Mimi nilipanda gari-moshi la Madaraka, ambalo limekuwa likiwachukua abiria baina ya pwani na bara tangu mwaka 2017, nikalala mjini, na kulipopambazuka nikaingia matatu ya barabara ya Thika. Barabara hiyo, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba mwaka 2012, ina upana wa kumshangaza mtu aliyezoea vichochoro vya Mji wa Kale, nayo humpitisha abiria Pangani, Roysambu, Githurai na Kahawa kwa mbio zisizompa nafasi ya kutazama lolote kwa utulivu. Lakini akishauvuka mji wa Ruiru huanza kuona mabaki ya mashamba makubwa ya kahawa, safu baada ya safu, na juu yake miti ya mkima iliyopandwa kuitilia kivuli. Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo nyanda hizo hufunikwa na baridi na manyunyu, na jua huonekana kwa nadra.

Jina la Ruiru si geni kwa mkulima yeyote wa kahawa katika Afrika Mashariki, kwa kuwa kituo cha utafiti kilichoko hapo ndicho kilichotoa, mwaka 1985, mbuni uitwao Ruiru 11, uliozalishwa kwa makusudi ili ustahimili chulebuni na kutu ya majani. Hata hivyo kahawa yenyewe imekuwa ikirudi nyuma mwaka hata mwaka mbele ya majumba, na ithibati kubwa ya jambo hilo ni Tatu City, mji mpya unaojengwa karibu na Ruiru juu ya ekari zipatazo 5,000 zilizokuwa za mibuni. Murera, iliyo moja katika wadi tano za eneo la bunge la Juja, imo katikati ya mageuzi hayo: huku shamba, huku nyumba za mawe ya Ndarugu, yale mawe ya kijivu yakatwayo kwa mashine katika machimbo yaliyo karibu na Juja na kuchukuliwa na malori kila upande. Kila penye nyumba mpya pana watoto, na kila penye watoto huzuka shule, aghalabu shule ndogo ya vyumba viwili vitatu vya mabati.

Katika shule mojawapo ya namna hiyo ndipo anaposomesha mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, aliyelelewa Mombasa akapelekwa bara na riziki. Aliponilaki alinipa shikamoo na kunipokea mkoba, na kabla hatujafika nyumbani alinipitisha darasani mwake kunionyesha jambo lililokuwa likimkera. Ubao mkubwa wa ukutani, ambao mtu asiyeijua kazi aliupaka zamani kwa rangi nyeusi ya mafuta, ulikuwa unang'aa hata dirisha likaonekana ndani yake, na chaki ikipitishwa juu yake hulia na kuacha alama hafifu iliyokatikakatika.

"Chaki inateleza tu, mjomba, haishiki," akaniambia. "Aliyekaa nyuma haoni kitu. Na mimi nataka kila mtoto awe na kibao chake cha kuandikia, aandike, afute, aandike tena. Rangi ya ubao ya dukani bei yake si ya shule kama hii. Nimesikia kwamba mtu aweza kuitengeneza nyumbani, ndiyo sababu nikakuita, maana wewe mikono yako haikai bure."

Haja yake ilikuwa ya kweli, wala haikuwa ya shule yake peke yake. Mtaala wa Umilisi, ulioingia rasmi katika madarasa ya chini ya Kenya mwaka 2019, unamtaka mtoto ashike vitu na kuvitenda badala ya kukaa akisikiliza tu, na unamtaka mwalimu atengeneze zana za kusomeshea kwa vitu vilivyomzunguka. Lakini mwalimu anaambiwa atengeneze, na ni nadra kuonyeshwa jinsi ya kutengeneza. Na huko nyuma, mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2 kwa mkupuo mmoja, na walimu wengi waliojikuta mbele ya watoto zaidi ya mia hawakuwa na chombo kingine cha kuwafikia wote kwa pamoja isipokuwa ubao. Chombo kinachobeba mzigo kama huo hakistahili kuwa kibovu, na hasa hakistahili kuwa kibovu pale ambapo dawa yake ni vijiko viwili vya unga.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Weusi wa ubao, ambao siku hizi twaudhani kuwa bidhaa ya kiwandani isiyowezekana bila mkebe wenye nembo, ulikuwa hapo kale kazi ya mikono ya mwalimu mwenyewe, ustadi aliourithi kwa waliomtangulia kama alivyorithi mwandiko. Na ustadi huo haujafa, ila umelala, na wa kuuamsha ni mtu yeyote mwenye kikombe, kijiko na kipande cha ubao.

Mtu aliyenipa yakini ya maneno haya ni mzee jirani wa shule, mwalimu mstaafu, ambaye watoto wote wa mtaa humwita guka, yaani babu. Alipopata habari kwamba nimetoka Mombasa kwa ajili ya rangi ya ubao alikuja mwenyewe, akaketi juu ya benchi nje ya darasa, koti lake limefungwa vifungo vyote kwa ajili ya baridi, akatusimulia mambo ya zamani kwa Kiswahili kilichonyooka cha walimu wa zama zake. Wazazi wake walikuwa katika kizazi kilichojenga shule za Kikuyu zilizo huru na misheni, zilizoanza kuenea katika miaka ya 1930, ambazo fedha zake zilitoka katika mifuko ya watu wenyewe na kuta zake zikatoka mikononi mwao. Na juu ya shule hizo wakakiweka, mwaka 1939, chuo cha walimu cha Githunguri, humu humu Kiambu, chini ya uongozi wa Mbiyu Koinange. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo pamoja na chuo chake baada ya kutangazwa hali ya hatari mwaka 1952, lakini ada ya mwalimu kujitengenezea vyombo vyake haikufungika, na guka alipoanza kazi baada ya uhuru aliikuta kwa wakubwa wake.

Namna yao ilikuwa hivi. Walitafuta makaa ya mti mgumu, na katika nchi ya kahawa makaa mazuri yalipatikana kwa mashina ya mibuni mikongwe iliyong'olewa. Wakayatwanga kinuni, wakayachekecha kwa kitambaa chepesi mpaka ukabaki unga mlaini usiokwaruza kati ya vidole. Kisha watoto walitumwa kuchuma majani ya viazi vitamu, yakapondwa, na maji yake ya kijani yenye utelezi yakachanganywa na ule unga. Na yale majani yaliyopondwa ndiyo yaliyokuwa brashi, maana yalishikwa kwa konzi na kusuguliwa juu ya ubao kutoka juu kwenda chini, Ijumaa jioni, ili Jumatatu ubao uwe umekauka na kuwa mweusi tena. Guka alipokuwa akieleza alikuwa akiusugua ukuta wa mabati kwa kiganja, mkono wake ukipanda na kushuka, na nilitambua kwamba mkono huo ulikuwa bado unaikumbuka kazi.

Kulikuwa na namna nyingine, ambayo nayo naitaja ili niikataze. Watoto waliambiwa walete betri za tochi zilizokwisha, nazo zikapasuliwa kwa jiwe na weusi uliomo ukachanganywa na makaa. Weusi huo ni manganizi iliyochanganywa na kaboni, umelowa chumvi kali zenye kuchoma ngozi na macho, na betri za zamani zilikuwa na zebaki ndani yake. Guka mwenyewe alikiri kwamba hawakujua. Sasa tunajua, na hakuna sababu ya mtoto wa leo kuishika betri iliyopasuliwa, maadamu masizi na makaa hayana madhara hayo.

Nilistaajabu, nikiyasikia ya majani ya viazi, kwa kuwa nilikwisha kusoma kwamba walimu wa mashambani Marekani, katika karne ya kumi na tisa, walikuwa wakipaka mbao zao kwa ute wa yai uliochanganywa na viazi vilivyounguzwa vikawa makaa. Ubao mkubwa wa ukutani ulikuwa bado jambo jipya wakati huo. George Baron aliutumia kufundishia hesabu huko West Point mwaka 1801, na huko Scotland anakumbukwa James Pillans, mkuu wa skuli moja ya Edinburgh, aliyewachorea wanafunzi ramani za jiografia kwa chaki za rangi. Mbao za kwanza zilikuwa za jiwe jeusi lipasukalo kwa matabaka, zito na ghali, na shule isiyoweza kulinunua jiwe ilichukua ubao wa mti na kuupa weusi kwa kila kilichopatikana. Kwa hiyo mwalimu wa Murera na mwalimu wa Marekani, pasipo mmoja kumjua mwenzake, waliufikia ukweli mmoja: unahitaji unga mweusi, na unahitaji kitu cha kuugandisha.

Sisi wa pwani nasi tunayo tarikhi yetu ya ubao, iliyotangulia chaki. Katika vyuo vya Kurani mwalimu alimwandikia mtoto aya juu ya ubao wa mti, kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Mtoto akazihifadhi, kisha ubao ukaoshwa kwa maji na kuandikwa upya. Yale masizi ambayo bara yalitiwa katika ubao, pwani yalitiwa katika kalamu, na maandishi yakawa meusi juu ya weupe badala ya meupe juu ya weusi. Nilimweleza guka habari hii, naye akaipenda, akauliza masizi hayo tuliyapata wapi, na nikamjibu kwamba hayakukosekana kamwe penye taa na chungu.

Basi tulikwenda dukani, katika mojawapo ya maduka ya vifaa vya ujenzi yaliyojipanga kando ya njia, na huko tulimkuta fundi wa rangi aliyekuwa akingoja kuitwa kazini. Fundi huyo ndiye aliyetupa nusu ya elimu tuliyorudi nayo. "Mzee, usishike hiyo ya kung'aa," alisema mara aliponiona nimesimama mbele ya mikebe. "Hiyo ndiyo iliyoharibu ubao wa mwalimu. Chukua rangi ya maji, nyeusi, ile isiyong'aa." Akatuonyesha pia oksaidi, ule unga mweusi na mwekundu ambao watu hutia katika saruji ili kupata sakafu ya rangi, akasema kwamba kijiko chake kimoja hukoleza weusi uliopauka. Nami nilimwomba mwenye duka atuchagulie rangi isiyo na madini ya risasi, jambo ambalo mtu anayefanya kazi ya watoto asilionee haya kuliuliza, kwa sababu risasi huingia mwilini mwa mtoto kwa njia ya vumbi na kuudhuru ubongo wake, na kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 katika milioni.

Kitu cha pili ndicho kinachoigeuza rangi ya kawaida kuwa rangi ya ubao, nacho ni unga. Waweza kutumia mmoja katika miwili. Wa kwanza ni plasta ya Paris, ambayo ni jasi iliyochomwa ikapoteza sehemu kubwa ya maji yake; wa pili ni grauti, ule unga wa kujazia maungio ya vigae, na sharti uwe wa aina isiyo na mchanga. Kipimo cha plasta ni sehemu tatu za rangi, sehemu moja ya plasta na sehemu moja ya maji ya uvuguvugu. Kipimo cha grauti ni kikombe kimoja cha rangi kwa vijiko viwili vya mezani vya unga, bila ya kuongeza maji. Aliyevaa kitambaa puani na glavu mikononi atakuwa salama zaidi, hususan kwa grauti, kwa kuwa ina saruji, na saruji mbichi huchoma ngozi polepole pasipo mtu kuhisi mpaka jioni.

Ni kwa nini unga huo unafaa? Rangi ya maji ni chembechembe za plastiki na za rangi zinazoelea majini. Maji yakishakauka, chembe hizo za plastiki hukamatana na kuwa ngozi moja laini inayofunika kila kitu, na chaki ikipita juu ya ngozi laini haina inapojishikia. Ukiongeza unga, plastiki haitoshi tena kufunika kila punje, na ncha za unga hubaki zimechomoza, ndogo mno kwa jicho lakini si kwa chaki. Ubao ulio sawasawa huikuna chaki kama mbuzi inavyoikuna nazi, na kilichokunwa ndicho tunachokisoma. Unga ukipungua, chaki huteleza. Unga ukizidi, plastiki hushindwa kuushika, na ubao huanza kuchafua kitambaa kila ufutwapo. Kwa hiyo kipimo si jambo la kudharau, na mwenye kupima kwa jicho atakuja kupaka mara ya pili.

Mpwa wangu alitandaza magazeti juu ya meza ya darasa, akapima plasta katika kikombe cha chai, akaimimina katika maji kidogo kidogo huku akikoroga kwa kijiti, wala hakuyamimina maji juu ya plasta, maana hapo ndipo madonge huzaliwa. Yakabaki machache, akayachuja kwa chujio la chai. Akaitia rangi. Kwa kitambo weupe na weusi vilizungukana kwa mistari, kisha kijivu, kisha weusi ukashinda. Na nilipoweka kiganja chini ya kopo nilisikia joto kidogo, kwa sababu plasta inapokunywa maji na kurudi kuwa jasi hutoa moto wake. Joto hilo ni onyo kwa mpakaji kwamba saa imeanza kuhesabu: rangi hii haiwekwi akiba, na kilichokorogwa sharti kipakwe papo hapo, kabla hakijaanza kuwa kizito na kuacha chengachenga katika brashi. Ndiyo maana ni busara kukoroga kidogo, kwa kazi iliyo mbele ya macho, na kukoroga tena.

Vibao vyenyewe vilikuwa vya mkima, mabaki ya seremala wa jirani, ambaye hununua miti ile ile ya kivuli inayokatwa mashamba ya kahawa yanapogawanywa viwanja. Alivikata kwa sentimita 20 kwa 30, akavipiga msasa, akazivunja pembe zake kali zisimuumize mtoto. Mbao za mkima zina mawimbi mazuri, na mtu huona uchungu kuyafunika, lakini mti mtupu hunywa rangi na kuacha mabaka, kwa hiyo tuliupaka kwanza mkono mmoja wa rangi nyeupe ya maji. Weusi ulifuata: mkono wa kwanza kwa mapana, wa pili kwa marefu, ili mistari ya brashi ifutane, na wa tatu kwa vile vilivyoonyesha weupe. Baina ya mkono na mkono vibao viliachwa vikauke. Na Murera, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,500, mwezi wa Julai hailiharakishi jambo hilo. Kilichokauka Mombasa kabla ya adhuhuri, huko kitangoja alasiri. Baada ya mkono wa mwisho, msasa laini wa namba 220 ulipitishwa juu juu, na vibao vikaegeshwa ukutani kwa siku tatu bila kuguswa.

Kuna kazi moja ya mwisho ambayo wengi huiacha, wakaishia kuilaumu rangi. Kabla ya herufi yoyote kuandikwa, chaki hulazwa ubavu na kusuguliwa juu ya kibao chote, mapana na marefu, mpaka kiwe cheupe kabisa, kisha kikafutwa kwa kitambaa kikavu. Vumbi hilo la kwanza huingia katika vitundu vidogo vya rangi na kuvijaza. Lisipoingia, neno la kwanza utakaloliandika ndilo litakaloingia, na halitatoka tena, litabaki likionekana chini ya maneno mengine daima. Guka aliifanya kazi hiyo mwenyewe, kibao baada ya kibao, akipuliza vumbi na kukigeuza kila kimoja kwenye mwanga, na vile ambavyo hakuridhika navyo akavirudia.

Mtu akishaijua rangi hii huona mahali pengi pa kuitumia. Mikebe ya maziwa ya unga ikipakwa utepe wake hupata jina la kilichomo ndani, na kesho likafutwa likaandikwa jingine. Mlango wa kabati la jikoni huwa daftari la mahitaji ya nyumba. Makopo ya mafuta yaliyogeuzwa vyungu vya miche huandikwa tarehe ya kupandwa. Wala si lazima iwe nyeusi. Shule nyingi za ulimwengu zilihamia ubao wa kijani katika karne iliyopita, na palipo na oksaidi nyekundu mtu aweza kupata wekundu uliokolea, wa udongo wa Kiambu hasa, ambao chaki nyeupe husomeka juu yake vizuri. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai na chapati, aliyepita akaviona vibao vikiwa vimeegeshwa, alitaka mara moja kimoja kikubwa chenye miguu, cha kusimamisha nje, kwa kuwa bei ya ndengu hupanda na kushuka naye amechoka kukata maboksi na kuyaandika upya. Seremala akapimiwa, na yule mama akachagua wekundu.

Chaki nayo inafuata njia ile ile. Kijiti cha chaki cha siku hizi kwa kawaida ni jasi, na vijana wa Maswa, mkoani Simiyu, Tanzania, wamejifanyia kiwanda kwa kuitengeneza. Nyumbani, plasta ya Paris iliyobaki hukorogwa sehemu mbili kwa sehemu moja ya maji, ikamiminwa katika vibomba vya karatasi ngumu vilivyopakwa mafuta kidogo kwa ndani, na ikishaganda huvuliwa na kuachwa mahali penye hewa hata ikauke kabisa. Ukiitia tone la rangi utapata chaki ya rangi. Lililo muhimu ni kutotumia grauti wala saruji kwa kazi hiyo, kwa maana mtoto huishika chaki siku nzima, tena huitia mdomoni.

Ulibaki ule ubao mkubwa wa ukutani, na huo haukuwa wa plasta. Fundi wa rangi aliupitia kwa kucha, akasema mng'aro wote sharti uuawe kwanza kwa msasa mkali wa namba 80, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, upakwe mkono mmoja wa rangi ya msingi, ndipo ipakwe rangi ya grauti, ambayo ni ngumu zaidi na itastahimili kifutio cha kila siku. Mpwa wangu alichukua utepe akaupima: mita 2.4 kwa 1.2, yaani karibu mita 2.9 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji hufunika yapata mita kumi za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita moja inautosheleza ubao huo mikono mitatu, na kinachosalia kinapaka vibao vichache. Akaiandika hesabu hiyo kwa chaki juu ya kibao cha mkima, pamoja na idadi ya vijiko vya grauti, akampa mwenyekiti wa wazazi aipeleke katika mkutano wa Jumamosi.